Kitako cha gramafoni ya zamani: mbao, jiwe au chuma?

Swali hili linanijia mara kwa mara, na kila anayeuliza huanza vilevile. Amepata mota ya Kijapani ya miaka ya sabini au themanini, Technics SP-10, Denon au JVC, imefika bila kitako, na sasa yuko kwa seremala hajui amwambie atumie nini. Mmoja kasoma kwamba bila jiwe hakuna muziki. Mwingine ana ubao wa mninga aliorithi. Wa tatu ana rafiki anayemsukuma amimine zege.

Jibu langu kwa walio wengi ni moja: plaiwudi nzuri, tabaka nne au tano zilizobandikwa kwa gundi, na fundi anayekata kwa vipimo. Najua wengine watasikitika, maana plaiwudi haina fahari ya mninga wala uzito wa jiwe. Nisomeni mpaka mwisho kabla ya kununua chochote.

Kwanza: una haja ya kitako kipya?

Ninaozungumza nao hapa ni wenye mota inayozungusha sahani moja kwa moja, bila mkanda na bila gurudumu la mpira. Technics ndiyo iliyotangulia kuiuza sokoni kwa SP-10, mnamo 1970. Mota hizo za daraja la juu ziliuzwa zenyewe, na mnunuzi akatafuta mwenyewe kitako na mkono wa kubeba sindano. Ndiyo maana leo nyingi zinafika uchi.

SL-1200 ni habari nyingine, na naomba wenye nayo wanisikilize. Kuanzia MK2 ya 1979, sumaku ya mota imegandishwa chini ya sahani, na koili zake zimefungwa kwenye mwili wa mashine. Mwili ule wa alumini wenye mpira mzito chini yake ni sehemu ya mota. Mashine nzima ina uzito wa kilo 12.5, na ilijengwa ivumilie spika za klabu. Ukiivunja uijengee sanduku la mbao, utakuwa umelipa fedha ili upate mashine mbovu kuliko uliyokuwa nayo. Kama SL-1200 yako inavuma, kagua miguu na meza kwanza.

Kabla ya kumlipa seremala hakikisha pia kwamba:

- Mota inashika mwendo wa 33⅓ na wa 45 bila kuyumba. Vitone vya pembeni mwa sahani vitulie chini ya taa yake.
- Kapasita za zamani zimekaguliwa na fundi wa elektroniki. Umri wake ni zaidi ya miaka arobaini.
- Umeme unalingana. Mashine iliyouzwa Japani hutaka volti 100, na sisi tunatumia 230 hadi 240. Ukiichomeka hivihivi, umeiua.

Kitako kizuri chini ya mota mgonjwa hakisaidii chochote. Fedha za kwanza ziende kwenye mota.

Kitako kinafanya kazi gani

Mambo matatu tu, na kila kifaa tutakipima kwa hayo.

La kwanza ni kuifunga mota na mkono viwe kitu kimoja. Sindano inasoma michongo midogo kuliko unene wa unywele. Mkono ukicheza hata kidogo kuliko mhimili wa sahani, mchezo huo nao unageuka sauti. Kitako kisipinde.

La pili ni kuhimili nguvu ya mota. SP-10 Mk2 inafikisha sahani kwenye mwendo kamili ndani ya robo ya sekunde. Nguvu inayoisukuma sahani upande huu inakisukuma kitako upande ule. Kitako chepesi kitajipinda kila unapobonyeza kitufe.

La tatu ni kumeza mtikisiko. Spika zinatikisa hewa, hewa inakitikisa kitako, kitako kinaitikisa sindano, na sindano inarudisha mtikisiko kwenye spika. Kifaa kinachoendelea kulia baada ya kugongwa hakifai, hata kiwe kizito namna gani.

Ushauri mwingi unaousoma kuhusu vitako uliandikwa kwa nyumba zenye sakafu za mbao, ambako mtu akipita karibu sindano inaruka. Kwao springi na meza za ukutani ni lazima. Nyumba zetu nyingi zina sakafu ya saruji, hata ghorofani. Adui wetu mkubwa ni spika zilizobanana na gramafoni kwenye chumba kidogo, mara nyingi juu ya kabati moja. Kwa hiyo uzito na kumeza mtikisiko vinatufaa zaidi kuliko springi.

Vifaa, kimoja kimoja

Ili tulinganishe sawasawa, chukua bonge la sentimita 55 kwa 45, unene sentimita 7.2, yaani tabaka nne za milimita 18. Kabla ya kutoboa, uzito wake ni takriban:

- Mninga: kilo 11
- Plaiwudi ya mbao ngumu: kilo 12
- MDF: kilo 13
- Akriliki: kilo 21
- Zege: kilo 43
- Granaiti au alumini: kilo 48

*Plaiwudi.* Nyuzi za kila karatasi zinakatana na za jirani yake, kwa hiyo haipanuki ovyo wala haipindi kirahisi, na gundi iliyo kati ya karatasi inasaidia kuuvunja mlio. Fundi yeyote anaikata. Inayosifika ni ya mti wa birchi kutoka nchi za Baltiki na Ufini, yenye karatasi 13 hivi katika milimita 18. Ukiipata, chukua. Usipoipata, tafuta ya mbao ngumu, yenye karatasi nyingi na nyembamba.

Dukani usitazame uso wa ubao, tazama ukingo. Piga magoti kama ni lazima, upitishe macho urefu wote. Matundu meusi kati ya karatasi maana yake kuna hewa ndani, na hewa hiyo italia. Kisha bisha kwa kifundo cha kidole kuanzia pembe hadi katikati. Sauti ikibadilika ghafla, mahali hapo hapakushika gundi. Na uwe macho na jina la "marini": katika maduka mengi ya vifaa vya ujenzi huo ni ubao wenye ngozi nyeusi au ya kahawia, wa kumwagia zege. Ngozi hiyo haishiki gundi, na ndani mara nyingi ni mbao laini zilizojaa mapengo.

*MDF.* Imetulia, haina nyuzi, inakatika vizuri mno, na inameza mtikisiko kuliko watu wanavyodhani. Kwa Nairobi au Arusha sina ugomvi nayo. Kwa Dar es Salaam, Mombasa, Tanga na Unguja ninasita, kwa sababu unyevu ukiingia kwenye ukingo uliokatwa inavimba na hairudi. Skrubu nazo hulegea ndani yake. Ukiitumia, fungia mota kwa boliti zinazopenya hadi chini zikashikwa kwa nati na washa pana, kisha ziba kila ukingo kwa vanishi, pamoja na ndani ya matundu.

*Mbao za asili.* Hapa ndipo barua zinapokuwa ndefu. Mninga ni mbao ninayoipenda kuliko zote: haichezi sana ikikauka, inarandika vizuri, na rangi yake haihitaji msaada. Mvule nao ni imara, ila mara nyingi una vijiwe vya chokaa ndani vinavyoua meno ya msumeno, na vumbi lake linawasha. Msaji wa mashamba ya Tanga na Morogoro unapatikana na unavumilia unyevu.

Tatizo la zote ni moja. Bonge moja pana la mbao halitulii. Masika linatanuka, kiangazi linasinyaa, na umbali kati ya mkono na mhimili unasogea nalo. Kwa hiyo:

- Mbao ya asili iwe fremu ya nje au tabaka la juu la milimita 6 hadi 10. Kiini kiwe plaiwudi.
- Ikiwa lazima iwe mbao tupu, unganisha vipande vyembamba, na nyuzi zake zipishane mwelekeo.
- Kata sehemu yote nyeupe ya pembeni. Wadudu huanzia hapo.
- Mbao ikae wiki kadhaa ndani ya nyumba itakamokaa gramafoni kabla ya kukatwa. Mbao iliyotoka shambani mwezi uliopita itapasuka tu.

Wengi wananiuliza kuhusu mpingo. Ni mzito kuliko maji na ni mbao ya zumari na klarineti za ulimwengu, lakini mti wenyewe ni mwembamba na umepindapinda. Ubao mpana wa mpingo hautaupata, na gundi haiushiki vizuri kwa sababu ya mafuta yake. Kipande kikavu kinafaa kuwa kibao kidogo cha kufungia mkono, na hapo kinafanya kazi nzuri sana. Biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya mkataba wa CITES, kwa hiyo anayetaka kutoka nao nje ya nchi aulizie vibali kwanza.

*Jiwe.* Sifa za sleti zilikua sana kupitia Garrard 301 na Lenco, mashine za gurudumu la mpira ambazo mota zake hutetema kuliko hizi zetu. Mota ya moja kwa moja iliyo nzima ni tulivu kwa asili, kwa hiyo dawa ile si lazima iwe dawa yako. Huku kwetu kinachopatikana kirahisi ni granaiti ya meza za jikoni. Ning'iniza kipande chake kwa kamba, ukigonge: kinalia kama kengele. Hicho ndicho kitu ambacho kitako hakitakiwi kufanya. Isitoshe, ukikosea tundu kwa milimita mbili, jiwe halishonwi.

Jiwe nalipendekeza chini ya kitako, si ndani yake. Bamba la granaiti juu ya meza, juu yake kitako cha plaiwudi chenye miguu ya mpira. Unapata uzito, unapata uso ulionyooka, na hutoboi kitu.

*Zege.* Linameza mtikisiko vizuri kuliko granaiti, na ni rahisi. Lakini linatoa vumbi linalokwaruza, na vumbi hilo ni sumu kwa mhimili wa mota. Anayeshikilia atumie kokoto ndogo, alimwagilie maji na kulisubiri siku 28 kama mjenzi yeyote, kisha alizibe pande zote kwa rangi ya epoksi kabla mota haijaingia chumbani.

*Akriliki* inapendeza machoni, ni ghali ikiwa nene, na inavuta vumbi. *Alumini* nene iliyochongwa kwa mashine ni bora kwa kibao cha mkono. Kitako kizima cha alumini ni kazi ya karakana yenye vifaa, na kikiwa chembamba kinalia. *Chuma* kiepuke karibu na sahani: katriji za koili zina sumaku kali, nazo huvutwa na chuma.

"Lakini Wajapani wenyewe walitumia jiwe!"

Ndiyo, baadhi yao. Technics ilitengeneza kitako cha SH-10B3 kwa obsidiani, jiwe lile jeusi la volkano linaloonekana pia kandokando ya Naivasha. Kenwood ilitumia chokaa iliyochanganywa na resini katika KD-500. Denon ilikwenda kwenye mbao za tabaka. Yamaha GT-2000 ya 1982 ni bonge kubwa la mbao. Wahandisi wale wote walikuwa mabingwa, na hawakukubaliana juu ya kifaa. Walichokubaliana ni uzito wa kutosha, mota na mkono kufungwa pamoja, na mlio kuuliwa mapema. Na jiwe lao liliandaliwa na kupimwa kiwandani. Bamba la jikoni halikupitia huko.

"Je, kikiwa kizito zaidi si bora zaidi?" Mpaka kiwango fulani. Ukishafika kilo 12 hadi 20, kila kilo ya nyongeza inakupa faida ndogo, na meza inaanza kuyumba. Meza inayoyumba chini ya kilo 50 ni hatari kwa mashine na kwa watoto wa nyumba.

"Na kubandika mpira kati ya mota na kitako?" Hapana. Mpira ukae chini ya kitako. Mota ikielea juu ya kitu laini huku mkono umefungwa kwenye mbao, umevunja sharti la kwanza. Kwa sababu hiyohiyo sikubaliani na mtindo wa kuusimamisha mkono juu ya nguzo yake pembeni, bila kushikana na mota.

Hatua za kujenga

1. Chukua vipimo kwenye mota uliyonayo mkononi, siyo kwenye picha. Pima kina pia. Mota za Denon na JVC zina kopo la saketi linaloshuka chini ya ubao wa juu, na lazima lipate nafasi na hewa.
2. Chora kiolezo kwenye kadibodi ngumu, kata, uiingize mota. Rekebisha hadi iingie bila kulazimishwa. Hapo ndipo umpe fundi.
3. Ihamishe mota chumba kingine kabla msumeno haujawashwa, uifunike. Unga wa mbao unaingia kwenye mhimili, na chembe za chuma zinanasa kwenye sumaku na hazitoki.
4. Kata tundu la kila tabaka peke yake. La juu lifuate kiolezo kamili. Ya chini yawe mapana zaidi, kidole kipite pande zote za kopo, na uache njia ya waya nyuma.
5. Paka gundi nyeupe ya mbao uso mzima kwa kipande cha plastiki chenye meno, isiwe mistari tu. Bana kwa majiliwa mengi uwezavyo, kuanzia katikati kwenda nje. Acha usiku na mchana.
6. Piga msasa, kisha vanishi pande zote sita na ndani ya matundu. Ukipaka juu tu, ubao utapinda.
7. Funga mota kwa boliti. Kaza kwa zamu, kila moja kidogo, uso usivutike upande mmoja.
8. Tundu la mkono liwe la mwisho kabisa, mota ikiwa imeshakaa. Baada ya kupata alama, itoe mota tena ndipo utoboe.

Hatua ya nane ndiyo inayoharibiwa kuliko zote. Kila mkono una umbali wake kutoka katikati ya mhimili wa sahani hadi katikati ya egemeo lake. Rega RB300 inataka milimita 222. SME V inataka milimita 215 na kidogo. Kosa la milimita moja linasikika, hasa nyimbo za mwisho wa santuri. Weka ncha ya rula katikati ya mhimili na upime mara tatu kabla ya kutoboa. Pia pima kimo: ukiweka santuri kwenye sahani, je, mkono unaweza kupanda vya kutosha uwe sambamba nayo? Mota iliyokaa juu ya ubao inahitaji kibao cha mkono kilichoinuliwa. Ufungie mkono kibao chake cha kutolewa, chenye skrubu nne zilizokazwa, ili ukibadilisha mkono kesho usitupe kitako kizima.

Makosa ninayoyaona zaidi

- Kitako kama sanduku lenye uwazi mkubwa ndani. Hilo ni gitaa.
- Transfoma ya kushusha volti kuwekwa karibu na mkono. Inavuma, na mtu analaumu mbao. Isogeze mbali, nyuma na chini.
- Kusahau waya wa ethi kati ya mota, mkono na amplifaya.
- Sahani kung'olewa kwa nguvu. Kwenye Denon kuna kichwa kidogo kinachosoma alama za sumaku ndani ya ukingo wa sahani. Inue wima, taratibu, na usiweke sumaku yoyote karibu.
- Kununua miiba ya chuma ya kusimamishia kitako. Kwa sakafu ya saruji na chumba kidogo, miguu ya mpira mzito inafaa zaidi.

Kujaribu kazi

Pima kwanza kwa pima maji juu ya sahani, siyo juu ya ubao. Halafu weka santuri usiyoijali, mota ikiwa imezimwa, ushushe sindano juu yake. Sauti ya amplifaya iwe ndogo. Gonga kitako kwa kifundo cha kidole, karibu na mkono, kisha kwenye kila pembe. Unachotaka ni "tk" fupi na dhaifu. Ukisikia "duung" inayoburuta, tafuta mahali palipolegea kabla ya kulaumu kifaa: boliti, kibao cha mkono, mguu usiogusa meza.

Sindano ikiwa bado imetulia hapo, ongeza sauti polepole hadi pale unaposikilizia kwa kawaida na kupita kidogo. Ngozi za spika kubwa zikianza kupiga mbele na nyuma, au mvumo ukianza kukua wenyewe, punguza mara moja. Kabla ya kubadili kitako, hamisha spika kutoka kwenye kabati la gramafoni. Mara nyingi tatizo linaishia hapo.

Masika ya kwanza yakipita, fungua uangalie. Kaza boliti zilizolegea, pima tena umbali wa mkono kwa kiolezo kilekile ulichokihifadhi, na kama umetumia fremu ya mninga, tazama viungo vya pembe. Vikiwa bado vimefungamana, weka vanishi nyingine nyembamba chini ya kitako, mahali ambapo unyevu wa meza huingilia.